Visiki Saba vya Kabichi

Siku ya hamsini na nane, saa nane mchana, Nakijwa Mmbaga alifunua mfuniko wa friza yake, akahesabu ndoo zilizokuwa ndani, akahesabu tena, kisha akatukana kwa Kipare mpaka kuku waliokuwa kivulini wakahama. Jana ndoo zilikuwa saba. Leo zilikuwa tano.

Friza yenyewe ilikuwa imekufa zamani, kabla hata hajainunua. Injini alishaing'oa akamuuzia fundi wa pikipiki, na mahali pake akazungushia mpira mwembamba uliotoka kwenye koki ya baridi ya nyumba yake. Maji ya chumvi yaliingia kutoka Bombani yakiwa na nyuzi sita, yakaizunguka friza mara tisa, yakarudi mlimani. Ndani kulikuwa na taa ndogo ya kijani na kipimajoto kilichofungwa kwa uzi. Kilisoma saba. Kwa siku hamsini na nane hakikuwahi kupita nane, kwa sababu Nakijwa alikuwa ameipa friza mgao wake wote, yeye mwenyewe akawa analala kwenye sakafu ya saruji amejifunika khanga iliyolowa.

Alipiga magoti akachungulia ndoo zilizobaki. Kila moja ya lita kumi, nyeupe, imetobolewa chini na kuvishwa gunia. Katika kila moja kulikuwa na kisiki cha kabichi: shina lililobaki baada ya kichwa kukatwa, na majani machache madogo yaliyochomoza pembeni. Mtu asiyejua angeona uchafu wa kulishia sungura. Nakijwa aliona mbegu za ndoo mia nne.

Hakuwa na haja ya kuuliza nani kachukua. Kwenye mfuniko kulikuwa na alama ya kidole chenye grisi.

"Temu," alisema. "Mchaga wewe, leo utanitambua."

* * *

Kanankira Temu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, nyumba ya tatu kutoka kwa Nakijwa, akipaka mafuta spana zake. Alikuwa fundi wa Bomba. Wiki moja alikaa mtaani, wiki moja alikaa juu mlimani, Pangoni, kule ambako usiku mabati meupe yaliyotandazwa mteremko mzima hutupa joto lote angani, na maji ya chumvi yaliyopoa huhifadhiwa ndani ya mwamba yakingoja mchana. Mji mzima wa Same uliishi kwa yale maji. Tangu ukungu uache kuja kwenye milima ya Upare, miaka thelathini iliyopita, baridi ilikuwa ikigawiwa kwa koki, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wa kusimamia haki. Balozi wa mtaa huu alikuwa Nakijwa.

Kati ya Nakijwa na Temu kulikuwa na mchezo wa miaka ishirini. Ni watani, Mpare na Mchaga, na watani wana ruhusa zao. Aliyekuta mlango wa mwenzake uko wazi aliweza kuchukua kitu kimoja au viwili, vikawa mateka, na mateka walikombolewa kwa kuku. Temu alishawahi kuteka kiatu cha kushoto cha Nakijwa asubuhi ya Krismasi, Nakijwa akaenda kanisani na malapa. Nakijwa alishawahi kuteka kiti cha baiskeli ya Temu, na Temu akaendesha siku tatu amesimama. Sheria zilikuwa mbili tu: mateka harudi ameharibika, na mtu hakasiriki.

"Karibu, mtani," alisema Temu bila kuinua macho. "Naona leo umekuja mikono mitupu. Kuku yuko nyuma anakuja kwa miguu?"

"Ndoo zangu ziko wapi?"

"Ndoo? Unasema zile za mboga iliyokonda kama mwenyewe?"

"Temu, nakuuliza."

"Tumekula." Aliinua spana akaitazama kwenye jua. "Mama Anaeli kaiunga kwa karanga. Ngumu! Lakini kwa kuwa ni ya Mpare, na Wapare mnavyopenda kesi, tumeitafuna mpaka mwisho, isije ikatupeleka mahakamani."

Ndani, mkewe alicheka huku akitwanga. Siku nyingine Nakijwa angecheka pia. Angesema Mchaga akinyimwa ndizi hutafuna hata ufagio, wangerushiana maneno mpaka jua lipungue, kesho angepeleka kuku. Lakini alikuwa amelala sakafuni siku hamsini na nane. Kichwa kilimgonga. Damu ilimpanda.

"Wewe si mtani," alisema. "Wewe ni mwizi. Mwizi, na mkeo anapika vya wizi. Kuanzia leo usiniite mtani, usikanyage kwangu, na tukikutana njiani pita upande wako."

Kinu kilinyamaza. Temu aliweka spana chini taratibu. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Sawa, Balozi," alisema.

Kwa miaka ishirini alikuwa hajawahi kumwita Balozi. Jioni ile alibeba begi lake akapanda mlimani kwenye zamu, na Nakijwa alimwona akipita, na hakumwita.

* * *

Angeweza kumwambia ukweli pale pale. Aliliwaza hilo baadaye, mara nyingi. Angesema: Temu, hivyo si chakula, hivyo ni vizazi. Lakini miaka miwili nyuma aliwahi kusimama mbele ya nyumba zote kumi, kifua mbele, akawaomba wamchangie baridi ili azalishe mbegu za karoti. Wakamchangia. Watu wazima na akili zao wakakaa kwenye joto miezi miwili kwa ajili ya maneno yake, na karoti zikaoza kwenye mchanga kwa sababu alizimwagilia kupita kiasi. Hakuna aliyemlaumu. Walimwambia pole, Balozi, na ile pole ilimuuma kuliko matusi. Akaapa kwamba safari nyingine hatasema neno mpaka mbegu ziko kiganjani.

Na safari hii hapakuwa na nafasi nyingine. Mtaa wao ulijulikana kwa ndoo. Kuanzia Juni hadi Agosti, miezi ambayo jua linapunguza ukali kidogo, kila kibaraza, kila ngazi, kila ukingo wa dari ulipangwa ndoo nyeupe chini ya vivuli vya wavu, na ndani yake kukaota kabichi, karoti, giligilani, njegere. Watu walitoka hadi Mwanga kuja kununua mboga za mtaa wa ndoo. Lakini miche ililetwa kila mwaka na kampuni moja ya ng'ambo, imefungwa kwenye vikasha, na ilikuwa miche isiyozaa. Mwaka huu vikasha havikuja. Ilikuja barua fupi tu: aina hizo hazitazalishwa tena. Ndoo mia nne zilikaa kibarazani zimejaa udongo mzuri na hazina kitu.

Alichobakiwa nacho Nakijwa kilikuwa kopo la maziwa la marehemu mama yake, na ndani yake punje kumi na tisa za kabichi ya mlimani, ile ya kichwa kidogo kigumu kama ngumi. Saba ndizo zilizoota.

Kabichi haitoi mbegu kwa kubembelezwa. Inataka iamini kwamba baridi kali imekuja na imekwisha. Hapo ndipo inapopandisha shina na kuchanua. Kwa hiyo inahesabu. Siku sabini chini ya nyuzi kumi, mfululizo. Joto likiiingia katikati, inasahau hesabu yote na kurudi mwanzo, na kisiki hakina nguvu ya kuanza mara mbili. Nakijwa aliyajua hayo kutoka kwa mama yake, aliyesema tu kwamba kabichi ya mbegu hulala juu, kwenye kilele cha Shengena, wala haishuki mpaka ichoke. Vipimo vya nyuzi alivitafuta mwenyewe.

Siku kumi na mbili zilibaki. Visiki vitano vilitosha. Alifunga friza kwa kufuli, akaweka ufunguo kifuani.

* * *

Jumamosi, siku ya hamsini na tisa, joto lilipita arobaini na tatu, na Bomba likapasuka kwenye kona ya tatu.

Kipaza sauti cha mtaa kilitangaza mara mbili: itashuka theluthi moja tu ya maji kwa siku nne, mafundi wote wako juu wanashona bomba, kila balozi akusanye watu wake kwenye chumba cha kumi. Nakijwa alizunguka nyumba zake kugonga milango. Alijua la kufanya, na alilifanya vizuri. Wagonjwa kwanza, wazee, wajawazito, halafu Zulfa wa nyumba ya nane na pacha wake wa wiki tatu, Salha na Salama, ambao baba yao alikuwa kazini kwenye mkonge.

Chumba cha kumi, kimoja cha pamoja kwa kila nyumba kumi, kilikuwa cha matofali mazito, dirisha moja dogo, mabomba yamepita ukutani kama mbavu. Kwenye ukuta wa mlangoni kulikuwa na koki kumi zimepangwa mstari, moja kwa kila nyumba. Mpini ukilazwa, mgao wa nyumba hiyo unaingia chumbani. Ukisimamishwa, unakwenda nyumbani kwa mwenyewe. Sheria ya Kamati ya Baridi ilikuwa imeandikwa juu yake kwa rangi nyekundu: mgao ni wa mwenyewe, hakuna wa kumlazimisha. Balozi alikatazwa hata kuuliza.

Kufikia saa nne asubuhi ya Jumapili mipini tisa ilikuwa imelala. Wa kumi ulikuwa umesimama.

Hakuna aliyeutazama. Watu thelathini na wawili walikaa kwenye mikeka wakijipepea, na wote walipata kitu kingine cha kutazama: dari, vidole vya miguu, kipimajoto kilichosoma thelathini na nne. Hilo ndilo lililomchoma Nakijwa. Kama mtu mmoja angeuliza, angemjibu kwa ukali, mambo yakaisha.

"Balozi," Zulfa aliita kwa sauti ndogo. "Njoo umwangalie Salha."

Mtoto alikuwa mwekundu, midomo imekauka. Mama yake aliweka titi mdomoni, mtoto akageuza kichwa. Ngozi ya utosi ilikuwa imebonyea.

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri hajanyonya. Salama ananyonya kidogo. Nesi nimempigia, anasema zahanati imejaa mpaka koridoni, nisimtoe nje kwenye jua. Anasema chumba kishuke chini ya thelathini na moja, nimpe maziwa kwa kijiko." Zulfa alimtazama usoni. "Chumba kitashuka, mama?"

"Kitashuka," alisema Nakijwa.

Alitoka nje. Jua lilimpiga kisogoni. Alikwenda kwake, akafungua kufuli, akasimama juu ya friza na pumzi ya baridi ikimgusa tumbo. Saba na nusu, ilisoma. Hata kwa theluthi ya mgao, friza ilikuwa ndogo na mfuniko wake mzito, ilistahimili.

Tusimwonee. Si mwanamke wa roho mbaya, na watoto alikuwa anawapenda. Watatu aliwazaa, mmoja alimzika. Lakini alisimama pale muda mrefu, na aliyoyawaza yalikuwa na uzito. Aliwaza: chumba kile kina mabomba tisa, langu ni moja kati ya kumi. Aliwaza: mtoto anaweza kupona hata bila langu, na visiki haviwezi. Aliwaza: hawa pacha wakipona wakawa na miaka sita, watakuja kuniuliza mboga mlizila nyinyi tu? Watu wote wa mtaa wanategemea hizi ndoo tano na hawajui. Ningekuwa nimewaambia, wangeamua wao. Sasa nimejibebesha peke yangu, nimejitakia.

Basi akafanya kile ambacho mtu hufanya akitaka kila kitu. Alirudi chumbani, akaulaza mpini wake nusu.

Ilikuwa kosa. Chumba kilishuka nyuzi moja, kikakwama thelathini na tatu. Friza, alipokwenda kuitazama saa sita, ilikuwa imepanda hadi tisa na nusu na mshale ulikuwa bado unasogea. Alikuwa amekatakata baridi yake vipande viwili na hakuna aliyeshiba. Aliporudi, Zulfa alikuwa analia bila sauti, kijiko mkononi, maziwa yakitiririka shingoni mwa mtoto.

Nakijwa aliweka mkono kwenye mpini. Chuma kilikuwa baridi. Alifikiria uso wa mama yake akifunga lile kopo kwa kitambaa, akasema moyoni, nisamehe, kisha akaulaza mpini mpaka chini.

Hakurudi kuutazama tena. Alimchukua Salha kutoka kwa mama yake, akamlaza kwenye mkeka karibu na ukuta pale mabomba yalipopita, akalowesha ncha ya khanga akamfuta kwapani na nyuma ya masikio, akamdondoshea maziwa tone moja moja pembeni mwa mdomo. "Meza," alimwambia. "Meza, mama. Umeninywea shamba zima, haya maziwa kidogo yatakushinda?" Zulfa hakuelewa, ila alisogea karibu. Saa nane kipimajoto kilisoma thelathini na mbili. Saa tisa na nusu, thelathini na nusu. Saa kumi kasoro mtoto alipiga kelele, kelele nzuri, ya hasira, akashika titi la mama yake akalivuta kama mtu aliyeonewa.

Nakijwa alikwenda nje kusimama mahali ambapo hawatamwona. Alifurahi. Alifurahi kweli, na aliumia kweli, na hakuweza kuyatenganisha.

Hata hivyo hakukata tamaa kimya kimya, hiyo haikuwa tabia yake. Alitoa ndoo tano kutoka kwenye friza, akazipanga sakafuni mahali palipokuwa na unyevu chini ya mtungi, akazivalisha magunia yaliyolowa, akazipepea kwa ungo Jumapili ile na Jumatatu nzima, kila alipopata nafasi kati ya kuwahudumia watu. Mkono wa kulia ulivimba. Kipimajoto kilisema ishirini na sita. Jumanne asubuhi majani madogo yalianza kuwa ya njano kuanzia pembeni, na kisiki kimoja alipokibonyeza kilikuwa laini. Alikaa chini akakiri. Hesabu ilikuwa imefutika.

* * *

Temu alishuka Jumanne hiyo hiyo mchana, Bomba lilipopona. Chumba cha kumi kilikuwa bado kimejaa, maana watu hawakuliamini haraka. Alisimama mlangoni na mikono iliyobabuka hadi viwikoni, na watu wakampigia makofi. Aliitikia kwa kichwa. Akamtafuta Nakijwa kwa macho.

"Balozi," alisema, rasmi kabisa. "Nina neno."

"Sema."

"Ulisema mimi si mtani wako. Basi. Utani ukivunjika, mateka wanarudi bila fidia, hiyo ni sheria na mimi si mwizi. Ndoo zako mbili ziko Pangoni. Kesho asubuhi nazishusha, nitaziweka mlangoni kwako."

Nakijwa alimsogelea. "Ulisema mmekula."

"Nani anakula kisiki cha kabichi?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Miaka ishirini, kuna kitu chako nimewahi kukirudisha kimevunjika? Asubuhi ile Juma wa lori la chumvi alikuwa anapanda, nikampa azipeleke, nimezifunga kwa magunia yaliyolowa. Niliona umeziweka baridini, nikajua zinataka baridi. Kule ukutani, pale bomba linapotokea, ubaridi unavuja bure, haumfai mtu yeyote. Nikaona mateka wakae pazuri. Nilitaka kukuambia, wewe ukanitukania mke."

"Pale ukutani pana nyuzi ngapi?"

"Nini?"

"Nyuzi, Temu! Ngapi?"

"Saba. Siku zote saba. Hata Bomba lilipopasuka, Pango halikushtuka."

Alihesabu kwa vidole mbele za watu, midomo ikitikisika. Hamsini na nane. Hamsini na tisa, sitini, sitini na moja. Sitini na mbili. Mfululizo. Ndoo mbili, na kabichi haitaki zaidi ya mbili, maana ua la mmoja hutaka vumbi la mwenzake. Kisha akasikia tena lile neno alilolisema Temu, kesho asubuhi, na akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Usizishushe!"

Chumba kizima kiligeuka. Basi hapo, amesimama katikati ya mikeka, jasho likimtoka, Nakijwa Mmbaga alisema yote. Alisema kopo la mama yake, punje kumi na tisa, friza, siku sabini. Alisema kwa nini mpini wake ulisimama Jumapili asubuhi, na kwamba aliulaza nusu kwanza. Alisema visiki vitano vimekufa. "Sikuwaambia kwa sababu ya zile karoti," alisema. "Niliona aibu. Ningewaambia, Temu angezipeleka zote saba Pangoni tangu siku ya kwanza, na hakuna mtoto ambaye angengoja. Kiburi changu kimekula ndoo tano. Na wewe Temu nimekukosea, na Mama Anaeli nitamfuata nyumbani kwake nimwombe msamaha."

Zulfa alikuwa amemshika Salha kifuani, akimtazama Balozi kwa macho makubwa, maana sasa alielewa yale maneno ya shamba zima.

"Pangoni hairuhusiwi kuweka hata chupa ya maji," alisema Temu polepole. "Na mimi nimeshasema nitarudisha. Utani umevunjika, Balozi. Uliuvunja mwenyewe."

"Haujavunjika. Nilikasirika, nimevunja sheria, nitatozwa kuku wa pili. Lakini mateka ni mateka. Mimi sijalipa fidia." Alinyoosha kidole. "Mateka wa Mpare hawarudi bila fidia, unanisikia? Unataka kunidhalilisha? Kuku ninaye, ila ni mjanja. Kumkamata kutanichukua siku nane."

Temu alimtazama. Kona ya mdomo wake ilianza kucheza.

"Siku nane kumkamata kuku mmoja?"

"Nane kamili. Asizidi, asipungue."

"Ndiyo maana Wapare mnakonda," alisema Temu, na chumba kikalipuka kwa kicheko. "Haya, mtani. Siku nane."

Kuhusu ruhusa, Nakijwa hakutaka siri nyingine. Kesho yake aliiandikia Kamati ya Baridi barua ya kurasa tatu, yenye vifungu na vifungu vidogo, ikiwa imesainiwa na nyumba kumi. Kamati walijibu kwa mstari mmoja kwamba wamekubali, na inasemekana karani aliyeisoma aliomba likizo.

* * *

Ndoo mbili zilishuka siku ya sabini kwa gari la chumvi, Temu amezikumbatia kama mitungi ya asali. Baada ya siku sabini kabichi haisahau tena. Ziliwekwa chumba cha kumi, chini ya lile dirisha dogo, na hakukuwa na mtu aliyepita bila kuzichungulia. Kuku hakulipwa. Temu alipouliza, Nakijwa alisema bado ananenepa.

Wiki ya tano mashina yalipanda, marefu, ya kijani kibichi. Wiki ya sita, asubuhi moja, Zulfa alipiga kelele mlangoni, na watu wakakimbia wakidhani ni mtoto. Yalikuwa maua. Manane kwenye ndoo moja, sita kwenye nyingine, ya njano, petali nne nne.

Watu wakafurahi mpaka mtu mmoja akauliza nyuki watatoka wapi. Nyuki walikuwa wamehama na ukungu.

"Mtani," aliita Temu, akipenya katikati ya watu. "Maua nimeyaona. Leo naondoka na kuku wangu, wote wawili. Usiniambie wamekwenda hija."

"Mmoja huyu hapa," alisema Nakijwa. Kweli alikuwa naye, amembana kwapani, jike jeupe lililonona. "Wa pili kesho. Ila subiri. Huyu bado ana kazi."

Akamng'oa unyoya mmoja wa tumboni, ule mdogo laini. Kuku akalalamika. Akauinamisha unyoya kwenye ua la ndoo ya kwanza, akauzungusha polepole mpaka ncha ikashika vumbi la njano, akavuka nao hadi ndoo ya pili, akaligusa ua la huko katikati kabisa. Aliurudisha unyoya kinyume, kutoka la pili hadi la kwanza. Kisha akang'oa mwingine akampa Temu.

"Shika. Toka ndoo hii, nenda ndoo ile. Usibonyeze. Ukiniharibia ua hata moja, naapa nakupeleka mahakamani."

"Nilijua tu tutafika huko," alisema Temu, na akainama na mikono yake ya grisi, ulimi umetoka nje kwa umakini.

Wa tatu alimpa Zulfa. Halafu mtu wa nyumba ya kwanza akanyoosha mkono, na wa nyumba ya sita, na Mama Anaeli aliyekuwa amekuja na mchi wake bado mkononi. Nyumba kumi zilijipanga mstari kwa maua kumi na manne. Kufikia adhuhuri kuku wa fidia alikuwa amekwisha tumbo lote na nusu ya mkia, na Temu akamnyanyua kwa miguu akamtazama kwa huzuni.

"Jamani, fidia gani hii iko uchi?"

Nakijwa alikuwa ameinama tena juu ya ndoo ya pili, ambako ua la saba lilikuwa linafunguka, na alikuwa akihesabu maua upya, kwa sauti kubwa, ili kila mtu asikie.